Mjane wa Mihayo Aenda Bagamoyo

Paskazia Ndaki ana mgahawa nyuma ya soko la Shinyanga mjini, na wanaomfahamu wanakubaliana kwamba hajawahi kuonekana akishtuka. Mwaka ule upepo ulipong'oa bati la jiko lake na kulipeleka kwa jirani, alilitazama likienda, akafunika sufuria ya wali, kisha akawaambia wateja wasogee, maana pale walipokaa palikuwa pameanza kupata jua. Wateja wake ni wapakizi wa pamba, madereva wa bajaji na makarani wa ofisi za mkoa. Asubuhi huwapa chai na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, ambavyo yeye huvipika kwa karanga kama mama yake alivyofanya huko Kishapu, si mbali na Mhunze. Mteja akivisifu, Paskazia husema, "Ni viazi." Mteja akilalamika, husema vilevile.

Kabla ya mgahawa alikuwa mjane, na kabla ya kuwa mjane alikuwa mke wa Mihayo.

Mihayo alikuwa kijana wa kijiji jirani, mwenye maneno mengi, na sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo alilong'atwa na punda utotoni. Walioana kwa ng'ombe, bila padri, kisha wakaenda Geita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, enzi ambazo kila kijana aliyepata sururu aliona jembe ni mzaha. Mihayo alishuka shimoni, ambako wachimbaji huita duarani, pamoja na rafiki yake Chacha, mtu wa Tarime. Juu, pembeni ya machimbo, Paskazia na Nelly, mke wa Chacha, walipika pamoja kwenye banda moja: uji asubuhi, ugali jioni.

Mvua za mwaka huo zililegeza udongo, na duara likaporomoka likiwa na watu. Kulipokucha msimamizi alisimama juu ya kifusi akataja majina ya walioshuka zamu ile. La Mihayo lilikuwemo. Maji yalikuwa yanapanda na kifusi kilikuwa kikubwa, kwa hiyo hawakutolewa. Jina la Chacha halikutajwa, na Chacha mwenyewe hakuonekana. Watu wakasema ameona yaliyowapata wenzake akakimbia. Baadaye wakasema ana mwanamke Kahama. Nelly alibisha mwanzoni, kisha akanyamaza, na watu wakachukua kunyamaza kwake kuwa ushahidi.

Paskazia alirudi Kishapu akiwa na mtoto mgongoni, Martina, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema. Kwa kuwa maiti haikuwepo, ukoo wa Mihayo ulizika koti lake, suruali na buti moja. La pili halikupatikana. Matanga yakakaliwa kama ya mtu kamili. Yalipokwisha, Paskazia akahamia mjini, akaanza na birika moja la chai. Miaka ilipita. Pantaleo, fundi baiskeli aliyekula pale kila siku bila kulalamika hata mara moja, alimposa akiwa ameshika bakuli la mchuzi. Alisema, "Mama Martina, mimi nimeshazoea hapa." Wakafunga ndoa kanisani, wakapata watoto wawili wa kiume, na maisha yakaenda.

Martina alikua, akasomea dawa, akapata kazi kwenye duka la dawa Dar es Salaam. Kila alipopiga simu alimwambia mama yake aje aione bahari. Paskazia alijibu kwamba bahari ameiona kwenye kalenda. Lakini mwaka huu, baada ya kuuguza goti kwa muda na kulazimika kumwachia mtu jiko, aligundua kwamba mgahawa unaweza kuendelea bila yeye. Jambo hilo halikumfurahisha, ila lilimpa nafasi. Akapanda basi.

Martina alikuwa amewaandalia safari ya siku moja kwenda Bagamoyo: Coaster yenye viyoyozi, mwongozaji wa huko huko, magofu ya Kaole asubuhi, mji mkongwe mchana, chakula cha ufukweni, na kurudi jioni. Walikuwemo wanandoa wapya, familia moja ya Mbezi, Wajerumani wawili waliojipaka mafuta meupe usoni, na mwalimu mstaafu wa Morogoro aliyeandamana na mwavuli.

Mwongozaji aliwasubiri kwenye lango la Kaole. Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kiasi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, shati jeupe na kofia ya kiua.

"Karibuni sana," alisema. "Mimi naitwa Akida. Ni mzaliwa wa hapa hapa Bagamoyo, na babu wa babu yangu alizaliwa hapa hapa."

Kisha akawahesabu, asije akampoteza mtu. Aliwahesabu kwa kunyoosha kidole, midomo ikicheza, na alipofika nyuma ya kundi, Paskazia alimsikia. Mzaliwa wa Bagamoyo alikuwa anahesabu kwa Kisukuma.

Paskazia alimtazama. Alitazama bega la kulia lililoinama kidogo, kisha sikio la kushoto. Alijiambia kwamba duniani wapo wengi waliong'atwa na punda. Lakini aliyeng'atwa na punda, akainamisha bega, akahesabu watu kama anaingiza ng'ombe zizini, huyo alikuwa mmoja. Akakaa kwenye jiwe lililokuwa karibu.

"Mama, hapo ni kaburi," mlinzi alimwambia.

"Samahani," Paskazia alisema, akiliambia kaburi, akainuka.

Martina alimshika mkono. "Mama, unajisikia vibaya?"

"Jua tu," alisema, ingawa lilikuwa bado halijapanda.

Akida alikuwa ameshaanza kueleza. Alieleza habari za msikiti wa kale, mawe ya matumbawe, na masharifu waliozikwa pale karne nyingi zilizopita. Alieleza vizuri, kwa sauti ya mtu anayejua wapi pa kunyamaza ili watu wapige picha. Paskazia alikumbuka kwamba hata zamani Mihayo alijua kueleza. Tofauti ni kwamba zamani alieleza kwa nini hajaenda shambani.

"Samahani, Bwana Akida," alisema. "Hawa waliolala humu, mna hakika wamo?"

Mwongozaji aligeuka kumtafuta aliyesema. Alimwona. Fimbo yake ya kuelekezea ilimtoka mkononi, ikagonga jiwe, na mwalimu wa Morogoro akamwokotea.

"Wamo, mama," alisema.

"Mliwaona wakiingia?"

"Ni karne nyingi, mama. Sisi tumekuta."

"Nauliza kwa sababu kwetu tuliwahi kuzika koti."

Wanandoa wapya walicheka. Martina alimvuta mama yake kanga, akamnong'oneza kwamba watu wamekuja kujifunza. Paskazia akasema hata yeye amekuja kujifunza. Akida aliwapeleka kisimani, akasema maji yake ni matamu ingawa bahari iko karibu, na kwamba kisima kile kilichimbwa mwaka jana. Mmoja wa Wajerumani aliomba arudie. Akarudia, safari hii akisema karne.

Ndani ya Coaster, kuelekea mjini, Paskazia alikaa dirishani. Alikuwa na hasira, lakini hasira ilikuwa imechelewa sana na haikujua ianzie wapi. Iliyotangulia ilikuwa hofu, na hofu hiyo ilimhusu Pantaleo. Ikiwa Mihayo yu hai, Pantaleo ni nani? Wale wavulana wawili ni akina nani? Wakati anawaza hayo simu ikalia, na alikuwa Pantaleo mwenyewe.

"Umeiona bahari?" aliuliza.

"Bado."

"Umeona nini sasa?"

"Makaburi."

"Haya," Pantaleo alisema. "Kula vizuri." Akakata.

Paskazia akaamua. Atatembea na wenzake mpaka mwisho, atarudi Dar es Salaam, atarudi Shinyanga, na marehemu atamwacha na kazi yake. Aliona kwamba anaimudu. Martina hamkumbuki, na mtu asiyekumbukwa hana haja ya kufufuliwa. Ulikuwa uamuzi mzuri, ila mdomo wake haukuufuata.

Mjini walipita penye milango iliyonakshiwa na nyumba kuukuu zenye baraza, mpaka pale palipokuwa kituo cha misafara ya zamani. Akida alieleza jinsi wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walivyotembea miezi mingi na meno ya tembo mabegani, na jinsi walivyofika hapa wakatua mizigo. Wapo wasemao, alieleza, kwamba ndiyo sababu mji ukaitwa hivyo: mahali pa kubwaga moyo.

"Na wale ambao hawakurudi?" Paskazia aliuliza.

Akida alijifuta jasho. "Walikuwa na sababu zao, mama."

"Sijauliza sababu. Nimeuliza walikwenda wapi."

"Walikaa hapa hapa."

"Wakaoa?"

"Wengine walioa."

"Wabeja," alisema Paskazia, akishukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, mayu," Akida alijibu kabla hajajizuia.

Martina alifurahi. "Mama, anajua Kisukuma."

"Watu wa pwani ni wepesi wa lugha," mama yake alisema.

Kufika hapo Martina alikuwa ameshampenda yule mwongozaji. Alitembea naye mbele, akamuuliza maswali, na Akida akamjibu bila kumtazama usoni. Mara moja tu alimtazama, pale Martina alipocheka. Alisimama katikati ya sentensi, akasahau alikuwa anaeleza jengo gani, akawaambia wote wanywe maji kwanza.

Misheni, mbele ya kanisa la zamani, aliwaeleza kuhusu yule mpelelezi wa Kizungu aliyefia bara, na jinsi wafuasi wake walivyombeba maiti kwa miguu, mwendo wa miezi, mpaka hapo Bagamoyo.

"Kwa hiyo marehemu kutoka bara kufika huku si jambo geni," Paskazia alisema.

"Limewahi kutokea," Akida alikubali.

Mwalimu wa Morogoro alisema huo ni mtazamo mzuri.

Bahari waliiona mchana. Maji yalikuwa yamekupwa, na mchanga wenye unyevu ulienea mpaka mbali. Paskazia aliitazama. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye kalenda, na ilinuka. Chakula kilikuwa kimeandaliwa kwenye banda la makuti la mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Mwahija, ambaye Akida alimtambulisha haraka haraka, akimtazama kila mtu isipokuwa Paskazia, kuwa ni mke wake.

Paskazia alikula. Changu alikuwa amekaangwa vizuri, nje mkavu, ndani laini, na pilipili imewekwa na mtu anayejua. Ugali ulikuwa mlaini mno; kwao ungeitwa uji. Alipomaliza alinawa, akainuka, akatembea mpaka palipokuwa na mtumbwi uliopinduliwa, mbali kidogo na wenzake. Akida alimfuata, kwa kuwa kulikuwa hakuna namna nyingine.

"Mihayo," Paskazia alisema.

"Naam."

"Umenenepa."

"Samaki," alisema.

Walitazama maji.

"Ulitokaje mle?"

"Sikuingia." Alivua kofia, akaishika mikononi. "Zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeota duara limejaa maji, nikaogopa, na nikaona aibu kusema. Chacha akanitazama tu usoni akajua. Akasema, pumzika, nitaingia mimi. Akaingia kwa jina langu ili msimamizi asigombe. Asubuhi nilikuwa nyuma ya watu wakati majina yanatajwa. Nikasikia langu. Nikasubiri watu waulize habari za Chacha. Hakuna aliyeuliza."

"Ungesema."

"Nilikuja mpaka bandani kwenu. Wewe ulikuwa unalia, umeshikwa na watu. Nelly alikuwa anakoroga uji, amekutupia jicho, na usoni mwake naona anashukuru Mungu kwamba wake hakutajwa. Ningemwambiaje? Nikapita nyuma ya banda, nikaifuata barabara. Nilidhani nitarudi kesho yake. Baadaye nikasikia nimezikwa."

 Tangu asubuhi Paskazia alikuwa akiipanga hasira yake: ya mjane aliyelala njaa ili mtoto ale, ya birika moja la chai, ya Martina kuulizwa baba yako nani. Ilikuwa tayari, na alikuwa na haki nayo. Sasa aliona imepata mwenyewe mwingine anayestahili kutangulia. Alikumbuka siku za matanga, Nelly alipokuja Kishapu kumpa pole, na yeye kwa uchungu akamwambia, "Wewe unalia nini, wako yu hai."

"Nelly yuko Geita," alisema. "Anauza dagaa. Hajawahi kukaa matanga ya mumewe. Watoto wa Chacha wamekua wakiambiwa baba yao aliwakimbia. Yule mkubwa alikataa jina la baba, akajiandikisha kwa jina la mjomba."

"Nilidhani wameshajua."

"Wangejuaje? Aliyejua alikuwa huku anatembeza watu makaburini."

Mihayo alikaa chini mchangani kama mtu aliyesukumwa. Alianza kulia, bila sauti, na Paskazia akamwacha alie. Mwahija alikuwa ameona kutoka bandani. Alikuja na sahani ya maembe mkononi, kwa kisingizio cha matunda.

"Baba Safiya, huyu mama ni nani kwako?" aliuliza.

Mihayo alifikiri. "Ni mjane wangu," alisema.

Mwahija aliiweka sahani juu ya mtumbwi. Alimtazama mumewe, akamtazama Paskazia, akatazama tena lile sikio ambalo aliambiwa liling'atwa na samaki.

"Dada," alimwambia Paskazia, "kaa ule embe." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe simama."

Akasimama. Paskazia alimweleza Mwahija yote kwa maneno machache, na Mwahija alisikiliza huku akimenya embe kwa kisu. Alisema tu kwamba yeye alioa mtu aliyemwambia hana kwao. Alisema "nilioa", na hakuna aliyemsahihisha.

"Unamtaka?" aliuliza mwishoni.

"Hapana. Nina mume."

"Basi unataka nini?"

"Aende kwa Nelly akaseme kwa mdomo wake."

"Ataenda," Mwahija alisema. "Asipokwenda, nitakwenda mimi, na mimi nitasema mengi zaidi."

Martina alikuwa anakuja, viatu mkononi, akiwaita kupiga picha. Paskazia alimwambia Mihayo, "Na huyu mwambie mwenyewe. Mimi naenda kuigusa bahari, ndiyo niliyoijia."

Alitembea juu ya mchanga mgumu mpaka maji yakamfika vifundoni. Yalikuwa ya vuguvugu. Hakugeuka nyuma, lakini aliomba, na katika sala hiyo hakuomba kitu. Alitaja majina tu. Aliporudi, Martina alikuwa amekaa kwenye mtumbwi, mikono magotini. Mihayo alikuwa amesimama mbele yake, kofia bado mkononi. Alikuwa ameshamwambia.

 Kisha Martina akauliza, "Yale ya kisima ni kweli?"

"Yapi?"

"Kwamba maji yake ni matamu. Au na hayo umeyatunga?"

"Kisima ni cha kweli," Mihayo alisema.

Martina aliitikia kwa kichwa. Aliinuka, akavaa viatu, akaenda kukaa ndani ya Coaster kabla ya muda. Njia nzima ya kurudi alilala begani mwa mama yake, au alijifanya amelala, na kanga ya Paskazia ikalowa upande huo. Abiria wengine walikuwa wameridhika. Mwalimu wa Morogoro alisema ametembezwa sehemu nyingi za nchi hii, ila hajapata kuona mwongozaji anayeguswa hivyo na historia.

Pantaleo aliambiwa siku Paskazia aliporudi, akiwa amepindua baiskeli ya mteja ananyoosha ringi. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Anarudi?" aliuliza.

"Hapana."

"Wewe unakwenda?"

"Hapana."

"Basi," alisema. Lakini aliizungusha ile ringi mpaka magharibi, na mwenye baiskeli alipokuja aliambiwa arudi kesho. Usiku huo hakula. Asubuhi alivaa shati la Jumapili akasema, "Twende kwa paroko." Paroko aliwasikiliza, akavua miwani akaifuta kwa muda mrefu, akauliza kama ile ndoa ya kwanza ilifungwa kanisani. Paskazia akasema ilifungwa zizini. Paroko akasema basi hii ya pili imesimama, waende nyumbani. Njiani Pantaleo alinunua mkate na siagi, na hapo ndipo Paskazia alipojua jinsi alivyokuwa ameogopa.

Kuhusu kaburi la Kishapu, wazee wa ukoo walikutana. Mmoja alitaka lifukuliwe, mwingine akasema si vizuri kuisumbua nguo iliyokwisha kuombewa. Mwisho walikubaliana libaki kama lilivyo. Mwenyewe atalihitaji siku moja, na kazi kubwa imeshafanyika.

Martina hupokea simu kutoka Bagamoyo. Si zote. Bado anamwita Bwana Akida, naye huitika. Siku moja alimwambia mama yake kwamba wameongea karibu saa nzima kuhusu punda. Paskazia aliuliza kama alikasirika. Martina alisema alikasirika kabla na baada, ila katikati alicheka.

Mihayo alikwenda Geita wakati wa kiangazi. Mwahija alimpeleka mwenyewe mpaka kituo cha mabasi na kungoja basi liondoke. Paskazia na Pantaleo walimpokea, wakaongozana naye mpaka kwa Nelly, kwenye nyumba ya matofali iliyo jirani na soko la dagaa. Nelly alikuwa anapepeta. Alimtambua mara moja. Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, kisha akaita wanawe watoke ndani, maana Paskazia alikuwa amempigia simu kumwambia kuna mtu atakuja na habari za Chacha, naye hakutaka kuambiwa zaidi kwa simu.

Mihayo alisema akiwa amesimama. Alisema zamu ilikuwa ya nani, nani aliogopa, nani aliingia, na jina gani liliingia naye. Hakuongeza chochote, yeye ambaye kuongeza ilikuwa kazi yake. Alipomaliza, mtoto mkubwa wa Chacha, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alitoka uani akapiga teke ndoo, kisha akarudi akasimama nyuma ya mama yake.

"Alisema nini alipokuwa anashuka?" Nelly aliuliza.

"Alisema akitoka mapema atakuja kutengeneza mlango wa banda lenu."

Nelly aliutazama mlango wa nyumba.

"Bawaba ya juu ilikuwa imelegea," alisema. "Nilimwambia wiki nzima." Ndipo akalia, na Paskazia akaenda kukaa naye chini.

Siku hiyo hiyo walitandika mikeka. Kaka wa Chacha alikuja kutoka Tarime, na majirani waliokuwa wamesema Kahama walileta kuni. Nelly alinyoa nywele. Paskazia alishika jiko, akapikia watu kama walivyokuwa wakipika zamani, na Pantaleo alichota maji kwa baiskeli ya kuazima.

Mihayo alizunguka uani, hajui ajiweke wapi. Wanaume wa upande wa Chacha hawakumfukuza, wala hawakumsogezea kiti. Mwishowe alikuja mpaka jikoni, akamuuliza Paskazia akae na nani.

Paskazia alikuwa anasonga ugali, mgumu, wa kwao. Hakuinua macho.

"Kaa na wafiwa," alisema.

Akaenda akavua viatu, akaketi mwisho wa mkeka.